Mishipa Kumi na Mmoja Myeupe

Colette Gaudry alikuwa amebakiwa na panya ishirini na wanne tu, na jamani, ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Miaka sita aliishikilia protini moja ambayo mwili hujitengenezea wenyewe, akidai inatuliza uvimbe ndani ya mishipa ya damu na kuizuia isijae mafuta ikakakamaa. Mkuu wa maabara yao pale Winnipeg, Kanada, alishachoka kumsikiliza. Alimwambia jaribio hili likienda kombo, kazi inafungwa. Na Colette hakung'ang'ania kwa ajili ya cheo. Kaka yake Rémi alianguka akafa akizoa theluji mlangoni kwake, ana miaka arobaini na mmoja, mishipa ya moyo imeziba.

Bi Halyna, fundi wa maabara wa miaka mingi, ndiye aliyegawa panya: nusu protini, nusu maji ya chumvi matupu. Nani kapewa nini aliandika kwenye karatasi, akaifungia ndani ya bahasha. Colette aliona namba tu. Ndivyo wanavyofanya, macho yasije yakaona kile moyo unachokitaka.

Ijumaa hiyo Colette aliichana mishipa mikuu ya panya kwa urefu, akaibana wazi kwenye sahani ya nta, akaitia rangi nyekundu inayoshika mafuta tu. Akasuuza, akainamia hadubini. Kumi na mitatu ilijaa madoa mekundu. Kumi na mmoja ilikuwa myeupe pe.

Panya aliyelishwa mafuta miezi minne hawezi kuwa na mshipa mweupe hivyo. Basi rangi haikufika, kazi kaiharibu mwenyewe. Akaibeba sahani kwenda kuimwaga, machozi yakimlengalenga.

Bi Halyna akamzuia. Akairudisha sahani chini ya hadubini, akainama kutazama.

"Nimekuambia mara ngapi usafishe mafuta ya nje ya mshipa, wewe mtoto?"

"Si leo, Bi Halyna, tafadhali."

"Mvivu mkubwa. Hebu tazama."

Colette akatazama. Upande wa nje vilibaki vipande vya mafuta alivyozembea kuvitoa, na vilikuwa vyekundu kama nyanya. Rangi ilikuwa imefika. Ilifika kila mahali, na ndani ya mshipa haikukuta cha kushika.

Aliutazama mshipa wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na mmoja, akiogopa hata kupumua juu yake.

Bi Halyna akaifungua bahasha, wakasoma namba moja moja. Mishipa myeupe yote ilikuwa ya panya wa protini. Panya mmoja tu aliyepewa protini ndiye aliyetoka na madoa.

Colette akakaa kitini.

"Hata Rémi alikuwa na protini hii mwilini," alisema. "Ila haikumtosha."

Bi Halyna akavuta kiti chake karibu naye, wakaendelea kuitazama mishipa.