Gauni la Dada Msikivu

Dada Msikivu hakuwa mtu. Lilikuwa jina tu ambalo kampuni ililibandika kwenye huduma yake ya mtandaoni ya kuhifadhi picha na sauti, na vijana watano wa kitengo cha wateja walipokezana kuandika kwa jina hilo. Amri ya meneja ilikuwa mteja asijue kwamba anarushwa huku na huku kama mpira. "Imani ndiyo biashara," alipenda kusema, uso mkavu kama soli ya kiatu.

Mama mmoja, fundi cherehani, alimwamini huyo Dada kuliko ndugu zake wa damu. Binti yake wa pekee alikuwa amefariki, na sauti alizomrekodia mama yake zilihifadhiwa humo. Siku kampuni ilipohamisha mitambo, mafundi walifuta nakala za zamani kabla ya kuangalia kama mpya zinafunguka. Hazikufunguka. Sauti za binti zikaenda na maji.

Kumwambia? Thubutu! Mama alipoandika kuziulizia, meneja aliagiza jibu moja: "Tunalifanyia kazi mama, vuta subira." Akaivuta. Na alivyoivuta ndivyo alivyozidi kuandika, maana mfiwa akipata sikio hanyamazi: alivyomlea binti, wimbo aliokuwa akiuimba jikoni, simu anayolala nayo chini ya mto. Vijana wakamjibu kwa zamu, mmoja kwa huruma, mwingine huku anatafuna chipsi.

Ndipo akaja ofisini mwenyewe, na gauni kwenye mfuko.

"Nimemshonea Dada Msikivu. Vipimo nimekisia tu. Naomba mniitie."

Wote wakainamia kompyuta zao. Meneja, mwongo asiye na haya hata ya kukohoa, akashusha sauti. "Pole, mama. Dada yetu alifariki juzi. Na aliyejua namna ya kufungua faili lako alikuwa yeye peke yake."

Mama alikaa chini sakafuni akalia kilio cha msiba. Alimlilia Dada, akamlilia binti yake mara ya pili, kisha, inaudhi hata kuisimulia, akawapa wao pole. Akaliacha gauni lipelekwe kwa ndugu wa marehemu.

Hajamaliza hata ngazi, meneja alikuwa ameshalifunga lalamiko lake kwenye mfumo. Lalamiko likifungwa, mfumo wenyewe humtumia mteja ujumbe. Katika kupumua kwao, hakuna aliyelikumbuka hilo.

Mlango ukafunguka tena. Mama alikuwa ameinyoosha simu mbele yake.

"Dada Msikivu ananiuliza kama nimeridhika na huduma," alisema. "Ananiandikia kutoka wapi?"

Wakati huohuo msichana mmoja wa kitengo akatoka chooni, alikokwenda kulijaribu gauni. Lilimkaa utadhani alipimwa. Alikuwa bado anacheka.

Mama akamtazama kuanzia shingoni mpaka kwenye pindo. "Kumbe ni wewe."

"Ni sisi sote, mama." Kicheko kilimkauka. "Tulikuwa tunapokezana."

"Na sauti ya mwanangu?"

Meneja alifungua mdomo, msichana akamwahi. "Haipo, mama. Ilishafutika hata kabla hujatuandikia mara ya kwanza kuiulizia."

Mama hakulia. Machozi alishayamalizia kwa mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

"Vua," akasema.