Piano Iliyopungua Kibonye

Mama Hotasi alikuwa na namna yake ya kumtambulisha mkwewe kwa wageni. "Huyu ndiye mume wa Tiarma," angesema, kisha angeshusha sauti kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu: "Bado anatafuta kazi." Na Saut angekuwa amesimama papo hapo na trei ya kahawa, akichekacheka kama bwege.

Kazi alikuwa nayo. Tangu aache benki, mwaka wa tatu sasa, alikuwa akitengeneza muziki kwenye chumba cha nyuma, katikati ya magunia ya mchele: nyimbo za maharusi, za kwaya, hata tangazo la duka la mabati ambalo mji mzima wa Siantar uliliimba mpaka ukachoka. Ila kazi hiyo aliifanya akiwa amevaa kaptula. Kwa Mama Hotasi, mwanamume anayeonekana nyumbani na kaptula saa nne asubuhi ama ni mgonjwa ama hana kazi, na Saut homa hakuwa nayo.

Mama alipokaribia kutimiza miaka sabini, Tiarma akaja na wazo. Marehemu baba yake, Mwalimu Marolop, alimtungia mkewe wimbo mmoja wa piano, akaupiga sebuleni miaka arobaini. Mwalimu ameshatangulia mbele ya haki, na piano yake mchwa walishaila, miguu na yote. Imebaki karatasi. Kwa nini Saut asiurekodi wimbo huo, upigwe kwenye sherehe mbele ya ukoo mzima?

"Nitausikiliza kwanza," mama akasema. "Usiponipendeza namwita Binsar wa sokoni aje na kinanda chake. Binsar ana kazi."

Maneno hayo yalimchoma Saut kwelikweli. Akajiapiza kwamba siku ya sherehe mama angelitaja jina lake na kazi yake kwa pumzi moja, mbele za watu.

Piano halisi hakuwa nayo, na hata angepewa bure isingepita mlangoni. Alikuwa na kibodi ndogo isiyo na sauti yake mwenyewe, na kompyuta. Sauti ya piano mtu huinunua na kuipakua: kuna watu huko mbali wanaokaa na piano nzuri, wakairekodi kibonye kimoja kimoja, kwa upole na kwa nguvu, kisha wakakuuzia. Shida ni kwamba zimejaa tele, na kila muuzaji anaapa yake ndiyo ya kweli. Saut akazama humo wiki mbili. Akisikiliza ya tisa anaisahau ya pili, akirudia ya pili anaitilia shaka ya tisa.

Tiarma akapita mlangoni na beseni la nguo. "Mchagua jembe si mkulima, mume wangu. Lima sasa, mvua isije ikakatika."

Basi akamwita mama aje kusikiliza. Mama akaja na mkoba wake kama anayekwenda hospitali, akaketi juu ya gunia.

Ya kwanza ilirekodiwa kwenye ukumbi mkubwa. "Nani amemtumbukiza huyu kwenye tangi la maji?" mama akauliza. "Mtoeni, atakufa."

Ya pili ilikuwa laini, imewekewa kitambaa ndani ili isigonge sana. "Hii imevaa soksi."

Ya tatu Saut aliipenda mno, kwa sababu waliacha na pumzi ya mpigaji na mlio wa kiti chake. Mama akasikiliza, akakaza macho, akaushika mkoba kwa mikono miwili. "Saut. Humo ndani mna mtu."

"Ni mpigaji, mama. Ndiyo uzuri wake."

"Anapumua! Mwambie atoke, mimi nimezoea piano isiyo na mpangaji."

Habari zikafika Jakarta kwa Hotasi, kaka mkubwa wa Tiarma, mtu mwenye gari mbili na ushauri usiokauka. Akanunua piano ya kompyuta ya bei ya juu kuliko zote, akaituma kama zawadi. Na kwetu huku, shemeji aliyekupa dada yake hapingwi. Akikupa jiwe unasema asante, tena unauliza liliwe na mchuzi gani.

"Shemeji, hiyo imerekodiwa kwa maikrofoni kumi na sita!" Hotasi alipayuka kwa furaha kwenye simu.

"Kumi na sita za nini?" mama akadakia. "Mara ya kwanza hawakusikia?"

Kuipakua tu kulichukua siku tatu, na umeme ulikatika mara mbili. Saut akaupiga wimbo kwa moyo wake wote. Ulipokwisha, mama akafungua mkoba, akatoa simu. "Ngoja nimpigie Binsar."

"Mama, mara moja ya mwisho. Nakuomba." Sauti yake ilikuwa karibu na kilio, na hakujali.

Siku zote hizo alikuwa akiikodolea macho kompyuta. Safari hii akauwasha wimbo ujipige wenyewe, akamtazama mama. Mama alikuwa akiyumba polepole. Wimbo ulipopanda na kukaribia noti ya juu kabisa, akainua kidevu, akafungua mdomo. Noti ikalia. Mama akaufumba mdomo na kuubana, kama mtu aliyekatizwa kauli kikaoni. Ikawa hivyo mara tatu, pale pale.

"Mama, hapo pana nini?"

"Wapi?"

"Hapo unapokunja uso."

Mama akairudisha simu mkobani. "Kibonye hicho kilikuwa hakilii. Panya walizalia humo tangu Hotasi ananyonya. Fundi alikuwa Medan, na mafundi wa Medan wana maringo."

"Sasa Mwalimu alifanyaje?"

"Alikibonyeza hivyo hivyo. Alikuwa na adabu." Akasimama, akakung'uta sketi. "Nimeacha samaki jikoni."

Saut akaichukua karatasi ya Mwalimu. Noti ile ilikuwa imezungushiwa kalamu, mara zote tatu. Yeye alidhani maana yake ni "kaza hapa", akawa anaigonga kwa nguvu zote. Akaingia kwenye piano ya Hotasi, akakizima kibonye kile kimoja.

Siku ya sherehe hema likajaa. Mama alivishwa ulos, shuka la heshima, mabegani, na samaki wa arsiki, aliyepikwa kwa viungo, akawekwa mbele yake mzima, kichwa na mkia. Binsar naye alikuwepo, kinanda chake pembeni ya mlango, akila nyama ya nguruwe taratibu kama mtu anayejua atahitajika. Hotasi akawatangazia wageni kwamba piano watakayoisikia ameinunua yeye. Saut akabonyeza.

Wimbo ukaanza, ukapanda, ukafika pale juu. Kimya.

"Shemeji!" Hotasi akaruka. "Imekatika! Nimelipia vibonye themanini na nane, kimoja kiko wapi?"

Watu wakageuka kumtazama Saut. Binsar akaweka sahani chini, akaanza kufuta vidole. Saut akauacha wimbo uendelee.

"Nyamaza, Hotasi," mama akasema. "Hicho ni changu."

Wimbo ukapanda tena. Mama akainua kidevu, na pale penye kimya akaiachia noti yeye mwenyewe, ndefu, yenye mikwaruzo, sauti ya kuvuka kuta mbili.

Tiarma akamshika mumewe mkono, anacheka huku machozi yanamtoka. "Jikoni! Alikuwa anaimba kutoka jikoni! Miaka yote nilidhani anatuita kula!"

"Mimi nilikuwa nakuja na sahani," Hotasi akasema, akaketi.

Mara ya tatu mama aliimba akilia, na noti haikukatika. Binsar akalifunga begi la kinanda chake, akarudi kwenye nyama.

Shangazi mmoja kutoka Balige, mzito wa kusikia, akapaza sauti: "Nani huyo anayepiga?"

Saut, kwa mazoea, akainyoosha mikono kuichukua trei ya kahawa.

"Mkwe wangu, Saut," mama akasema. "Ndiyo kazi yake." Akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akamgeukia tena shangazi. "Leo kavaa suruali kwa sababu ni sikukuu. Kazini kwao sare ni kaptula."