Mama Chupa na Seli Zilizogoma Kukua

Miaka kumi na minane naosha vyombo vya maabara, ndiyo maana wananiita Mama Chupa. Basi mwezi uliopita wakaleta vichupa vya plastiki, vya kutumia na kutupa. Mkuu wa maabara akaniamuru nitupe vyangu vya kioo. Nilinuna wiki nzima.

Daktari, binti mpole anayechunguza saratani ya damu, alinibembeleza. "Usikasirike, mama. Vinaturahisishia kazi."

"Rahisi ghali, mwanangu."

Kazi yake alishanieleza. Seli za saratani ile ni changa na zimegoma kukua. Zinabaki mviringo, zinazaana tu. Kwenye ngozi ya seli kuna mafuta yenye sukari, na seli ikikomaa mafuta hayo hubadilika. Yeye alizitilia aina moja ya mafuta hayo, nazo zikakomaa: zikanata kwenye kitako cha kisahani zinamokuzwa, zikanyoosha miguu. Lakini tangu plastiki ziingie, wapi! Mkuu akampa mpaka Ijumaa. Zisipokua, utafiti unafungwa.

Jumatatu nikamkuta analia kwenye sinki langu. Hasira zote zikaniisha.

"Hayo mafuta unayachanganyia wapi?" nikamuuliza.

Akanionyesha kichupa cha plastiki. Nikaangua kicheko.

"Daktari mzima! Kwani nyumbani huoshi vyombo? Bakuli la plastiki likishika mafuta, sugua mpaka mkono ukatike, hayatoki. La kioo, maji moto tu, kwisha!"

Akanikodolea macho. "Yamebaki kichupani," akasema polepole. "Seli nimezipa maji matupu."

Mkuu alikuwa anapita. "Mama Chupa anajipigia debe," akacheka.

Kweli, nilijipigia. Lakini mafuta ni mafuta. Nikafungua kabati la mifagio, nikamtolea Daktari vichupa vya kioo, vinameta.

Ijumaa asubuhi nikasikia ukelele. "Mama! Njoo uone!"

Sikuwa nimewahi kuchungulia hadubini maishani, siku hiyo nikachungulia. Seli chache zilikuwa bado mviringo, watundu hawakosekani, lakini nyingi zilikuwa zimetulia chini, zimenyoosha miguu. Tukakumbatiana, tukalia kama watoto, na sioni haya kusema.

Mkuu naye akachungulia, kisha akakohoa.

"Utafiti unaendelea," akasema. Akanigeukia. "Vile vya kioo nilivyokuambia utupe, vimebaki vingapi?"

"Vyote," nikamwambia.