Neno Ambalo Fundi Lifti Hakulisema

Fundi lifti aliyeitwa Pangaboi hakujipa jina hilo, wala mama yake hakumpa. Alipewa na mwalimu wake wa shule ya msingi, siku aliyokuwa akitikisa mguu chini ya dawati. "Mtazameni pangaboi letu," mwalimu aliwaambia wanafunzi wenzake, "linazunguka kutwa nzima na halifiki popote." Darasa likacheka, na jina likamganda kama kupe. Alikua nalo, akaoa nalo, na mashemeji wasiojua lilikotoka wakamwita hivyo kwa mapenzi. Yeye aliitika na kumeza mate machungu.

Ukubwani akawa hodari wa lifti na goigoi wa mengine yote. Alisahau birika motoni, aliwakatiza watu maneno, na mlio wa kijiko kwenye sahani ulitosha kumharibia siku. Mkewe, mwanamke asiyependa mambo ya kubahatisha, akampeleka kwa mshauri wa saikolojia aliyekuwa na kikundi cha watu wazima wa namna hiyo: wenye akili isiyotulia, wenye dalili za usonji, na wale waliojaliwa vyote viwili kama Pangaboi. Alipoambiwa kwamba ubongo wake umeumbwa hivyo, na kwamba hakuwahi kuwa mvivu wala mkaidi, alifurahi kwa muda mfupi sana. Kisha akapandwa na hasira. Kama hakuwa mvivu, basi kuna mtu alimwonea, na mtu huyo alikuwa na jina na sura.

Kikundi kilikutana ghorofani, juu ya duka la miwani. Mshauri alikuwa ameondoa saa ya ukutani kwa sababu mlio wake uliwakera, na taa zilizokuwa zikiunguruma alizibadilisha. Aliyetaka kusimama alisimama, aliyetaka kutembea alitembea, na mkutubi mmoja alishinda amevaa vizibo masikioni bila mtu kumuuliza. Pangaboi alikuwa ameanza kupapenda pale. Ndipo alasiri moja akaingia mzee mrefu, mnyoofu kama rula. Akatoa leso, akapangusa kiti kuanzia mgongoni hadi miguuni, akaikunja leso pembe kwa pembe, akaketi.

Pangaboi alimjua kabla hajamaliza kupangusa. Mshauri akamtambulisha: mwalimu mstaafu, ameletwa na binti yake, uzeeni ndipo amegundulika kuwa na dalili za usonji. Nyuso za watu humpotea, akaeleza, kwa hiyo wasimwone ana kiburi akiwapita njiani. Mzee akamsalimia Pangaboi kama anavyosalimiwa mgeni yeyote.

Nyumbani, mkewe akamsihi aachane naye. Maji yakimwagika hayazoleki, akasema, na huyo sasa ni mgonjwa mwenzako.

"Mimi si mgonjwa," Pangaboi akajibu. "Na yeye alijua anachofanya."

Kwa sababu jina lile halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa ni siku mwalimu alipomwita mama yake Pangaboi darasani, akamsimamisha mbele ya watoto wote, akamwambia mwanawe ni kopo lililotoboka, asijisumbue kuendelea kumimina. Mama akaamini, maana aliyesema ni mwalimu. Akamtoa mwanawe shule, akampeleka kwenye karakana ya mjomba wake, na tangu siku ile akawa anazungumza naye taratibu, kwa huruma, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Alizungumza naye hivyo mpaka alipofariki, na alifariki kabla mshauri hajasema lolote kuhusu ubongo. Pangaboi alitaka kitu kimoja tu duniani: mwalimu ayaseme yale kwa kinywa chake mwenyewe, watu wakisikia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na auonje.

Njia akapewa na mshauri mwenyewe. Kulikuwa na zoezi waliloliita kioo. Wawili hukaa wakitazamana. Mmoja anasema jambo lililomuumiza, mwenzake anamrudishia kile alichokisikia, bila kujitetea wala kushauri. Msemaji asiporidhika, anarudiwa tena, na tena, mpaka yeye aseme "nimesikika". Kabla ya neno hilo hakuna anayeinuka. Zoezi lilitungwa kwa ajili ya watu wanaojibu kabla mwenzao hajamaliza, na wale wanaosikia maneno yote ila uzito wake. Pangaboi, ambaye hajawahi kujitolea kwa lolote, akanyoosha mkono na kumchagua mzee. Mshauri akafurahi, maskini, akidhani mgonjwa wake amepiga hatua.

Pangaboi akasimulia. Hakutaja shule wala mwaka. Alisema mwalimu, mtoto, mama, kopo. Mzee alisikiliza akitazama goti lake mwenyewe, kisha akayarudisha yote vizuri, kwa sauti kavu. Mkutubi akatoa vizibo masikioni.

"Sijasikika," Pangaboi akasema.

Mzee akarudia. Safari hii sauti ilikwaruza alipofika kwenye kopo. Pangaboi akahisi utamu ukimpanda mwilini, utamu wa kweli, wala hakuuonea haya. Akasema tena kwamba hajasikika. Mshauri akaanza kujisogezasogeza kitini. Alikuwa ameshanusa kitu, lakini kanuni ilikuwa yake mwenyewe.

Mara ya tatu mzee akaanza tena. "Mwalimu alimwambia mama kwamba mwanawe ni kopo lililotoboka," akasema. "Mama alikuwa na viatu vya kazini, kimoja kamba imelegea. Akamwambia mtoto, 'Twende.' Mtoto hakuinuka."

Viatu Pangaboi hakuvitaja. Wala hakusema kwamba mtoto hakuinuka.

"Hakuinuka kwa sababu sikuwa nimemruhusu," mzee akaendelea. "Wengine wote wangekimbilia kwa mama zao. Nilimwona, nikaelewa kwa nini, maana mimi pia nisingeinuka. Nilijua ni mtoto wa aina yangu. Nilihofu watu wakimtazama sana wataniona na mimi. Ndiyo maana nilimtoa."

Pangaboi alikuwa amejiandaa kwa uongo, kwa machozi, hata kwa matusi. Hili hakuliwazia. Mtu pekee aliyemwelewa utotoni mwake ndiye aliyemtupa, na alimtupa kwa sababu alimwelewa. Alitamani kumkaba koo.

Muda ukaisha. Mshauri akasema waishie hapo, watu wakachukua mikoba yao, wakashuka wakinong'ona. Mzee hakutikisika. Mshauri akamwambia zoezi limekwisha, anaweza kwenda, binti yake anamsubiri chini.

"Hajasema," mzee akajibu.

Mshauri akambembeleza, akamweleza kwamba kanuni ni ya zoezi tu. Mzee akabaki na mikono magotini. Pangaboi, mlangoni, akaelewa kwamba angeweza kwenda zake na kumwacha pale mpaka giza liingie. Alimwelewa kuliko mshauri, kuliko binti yake, na ufahamu huo ulimchukiza.

Neno lilikuwa moja. Akalitafuta mdomoni, akalikosa, wala si kwa ukaidi. Lilikuwa uongo. Mwalimu ameyasema yote mbele ya watu, kama alivyotaka, na mama bado yuko kaburini akimwonea huruma mwanawe mpumbavu.

Akarudi, akasimama mbele ya kiti.

"Inuka, mwalimu," akasema. "Nimekuruhusu."

Mzee akainuka mara moja, kama mwanafunzi, akanyoosha shati. "Kwa hiyo umesikika?"

"Hapana. Aliyepaswa kuyasikia ni mama yangu."

Mzee alitafakari kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa swali la mtihani. "Basi neno lile halitasemwa kamwe," akasema.

"Halitasemwa," Pangaboi akajibu, akampisha ashuke ngazi kwanza.