Chupa Zilizogoma Kuiva

Ulimi hauna mfupa, na ulimi wa fundi viatu ulimponza mbele ya shemeji zake. Alisema bia anayotengeneza mkewe ni maji ya kuoshea vyombo. Watu wakacheka. Mkewe hakucheka. Kesho yake akajaza chupa arobaini za bia mpya, akatia kila moja kijiko cha sukari ili ipate povu, akazifunga vizibo, akazipanga stoo na kuzifunika magunia zisipigwe na mwanga. Kisha akaweka begi lake mlangoni.

"Hizi zikiiva, utakunywa wewe na maneno yako," alisema. "Siku hiyo mie nakwenda kwa dada."

Kuomba radhi? Thubutu! Jitu zima, kiburi kimemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Lakini kumpoteza mkewe hakutaka hata kidogo. Na joto nalo, jamani! Wakati wa baridi bia hungoja wiki tatu. Kwa jua lile, wiki moja iliitosha.

Basi akabuni ujinga wake. Kila mchana, mke akijilaza, alinyata hadi stoo na ndoo ya maji, akayalowesha magunia, chupa zipoe, zichelewe. Alikaa humo gizani, miguu peku, akisikiliza maji yakidondoka. Mara nyingine usingizi ulimchukua, akaota nyumba inaelea polepole, na mlangoni hapana begi.

Siku ya saba mkewe akafungua chupa moja. Kimya, wala povu la kudanganyia.

"Bado," akasema.

Fundi nusura apige vigelegele.

Siku ya kumi moyo haukutulia kazini. Saa nne asubuhi akafunga kibanda, akarudi, akaingia stoo moja kwa moja. Magunia yalikuwa yanachuruzika maji. Akaduwaa. Yeye aliyamwagia jana mchana, na kwa joto lile yalikauka kabla ya chai ya jioni, aliyagusa mwenyewe.

Akainua macho. Mkewe alikuwa amechutama katikati ya chupa, kopo mkononi, gauni limelowa mpaka magotini.



"Nisamehe, mke wangu," fundi akasema. "Bia yako ilikuwa tamu. Nilitaka tu watu wacheke."

Mkewe akajifuta uso kwa mkono uliolowa, kisha akamnyooshea kopo.

"Za kule nyuma sijazifikia," akasema. "Mwagia."