Finjani Isiyotikiswa

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Khelef wa mji wa Ibra, Omani, alikaa uani kwake, akala tende, akanywa kahawa na kughani shairi la Kichina la theluji na ua jekundu la mlimani. Alifundishwa shairi hilo skuli Unguja, baada ya mapinduzi, na mwalimu wa Kichina aliyelia kila akilisoma.

Mwaka 1998, katikati ya Julai, alipofika ubeti wa mwisho theluji ikaanza kuanguka. Ilianguka uani kwake tu. Jirani yake Amur, mtu asiyeachia cha bure kimpite, alileta matikiti yake yapoe, akauliza kama shairi halina beti zaidi. Shukriya, mke wa Khelef, aliifagia theluji akaisogeza kwenye shina la mtende. Nyumba ikawa na ubaridi mzuri.

"Baba Ibtihal," Shukriya alimuuliza mumewe siku moja, "hii theluji ndo nini kwenye shairi lako?"

"Maadui wa umma," Khelef alijibu, kama yuko mbele ya mwalimu. "Na lile ua jekundu la mlimani ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi."

"Na baba yangu je?"

Khelef akainamia kahawa yake. Mzee Mahrous, mkwewe, alikuwa na duka la nguo Unguja. Siku za mapinduzi alichukuliwa nyumbani, viatu vyake vikabaki mlangoni, na mpaka leo hakuna aliyewaambia jamaa zake kazikwa wapi. Kwa mafunzo ya skuli, yeye alikuwa theluji.

"Hakutajwa," alisema.

"Basi lisome tena, tumtafute."

Akasoma. Theluji ilipotulia, Mzee Mahrous alikuwa amekaa mkekani. Kofia yake ilijaa weupe, na kifuani, upande wa moyo, lilikuwa limemchanua ua jekundu. Khelef aliitazama theluji, akalitazama na ua, akajua kuwa skuli mtihani wa shairi hilo alifuzu kwa jibu la uongo. Aliona haya.

"Shikamoo, baba," alisema Shukriya.

"Marahaba, mwanangu. Mmehamia kwenye joto nyie!"

"Tfadhal, karibu kahawa. Walikuzika wapi, baba? Tunataka tukakuombee dua."

"Wallahi sijui. Kulikuwa na kiza, na tulikuwa wengi."

Khelef akapiga simu ofisi moja ya serikali huko Unguja, kuuliza kaburi liko wapi. Aliyepokea, mtu mwenye adabu zake, alimwambia apige tena wiki ijayo.

Mgeni aliyetosheka huitikisa finjani, na mwenyeji haongezi tena. Mzee Mahrous alikunywa, akainyoosha finjani yake, mkono umetulia. Shukriya akammiminia. Akainyoosha tena.

Siku hizi huja kila alasiri, na Amur humwamkia kabla ya kupanga matikiti. Khelef bado hupiga simu, na bado huambiwa wiki ijayo, kwa adabu ile ile. Shukriya amenunua birika kubwa zaidi. Ana raha, na huisema raha yake kwa kila mtu. Baba yake hajaitikisa finjani hata mara moja.