Swali la Kumi na Saba

Tangu Februari, Gaynor Odling aliishi kama mtu anayetembea chini ya maji. Watu walisema naye, akaona midomo yao ikicheza, na maneno yakamfikia baadaye, yamekwisha poa. Kwa hiyo alipoingia roshani ya wageni katika Bunge la London, akakuta kioo kipana kimewatenga wageni na wabunge, na sauti zinatoka kwenye vipaza sauti vidogo vilivyofichwa katika viti, hakushangaa hata kidogo. Aliona kama kuna mtu alimjua, akamjengea nyumba ya kumfaa.

"Bibi," mjukuu wake Edie alinong'ona, "mbona wengine wamelala?"

"Hawajalala. Wanasikiliza kwa kuinama."

"Yule anakoroma."

"Basi huyo kalala. Nyamaza."

Edie alikuwa darasa la pili. Alikuwa amevaa koti la shule kwa sababu ndilo zuri kuliko yote, na nywele amesukwa mkia mmoja uliopinda, kwa kuwa Gaynor hakuwa amezoea tena kusuka. Kazi hiyo ilikuwa ya Kerry.

Kerry alikuwa binti yake Gaynor, mama yake Edie. Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo ambalo Gaynor hakumwambia mtu. Kuna sentensi moja, fupi sana, ambayo hakuwahi kuitamka. Kule posta alisema, "Kerry hayupo." Kwenye duka la samaki wa kukaanga alikofanya kazi miaka mingi, alisema, "Naacha kazi, kuna mtoto nyumbani." Siku ya mazishi watu wengine walisema, yeye akatikisa kichwa. Kila alipoikaribia ile sentensi, kinywa chake kilijaa maji.

Halmashauri ilimuuliza kwa nini alimchukua mtoto. Akajibu, "Ni mjukuu wangu." Wakaandika hivyo hivyo. Baadaye kijana mmoja mpole wa ustawi wa jamii akamweleza kwamba posho ya ndugu wanaolea watoto hataipata.

"Wewe ulimchukua mwenyewe, mama. Sisi hatukumleta kwako. Ungesubiri kidogo tu siku ile, tungekuja kukuomba, na sasa ungekuwa unahesabiwa mlezi."

"Ningesubiri nini?"

"Kuombwa."

"Kuombwa mjukuu wangu?"

Kijana aliona haya, akatazama dirisha. Ofisi ya ajira nayo ikamwambia kwamba aliacha kazi kwa hiari yake, kwa hiyo atafute nyingine, na akikosa kutafuta, msaada wake utapunguzwa. Gaynor alirudi nyumbani kwa miguu, kupitia ufukweni, bahari ya kijivu upande mmoja na vibanda vilivyofungwa upande mwingine, na kwa kitambo alimwona Kerry akitembea mbele yake, mikono mifukoni, bila haraka. Hakumwita. Alijua akimwita atageuka mtu mwingine.

Ndipo akaenda kwa mbunge wao, Wendy Marfleet, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya ukumbi wa zamani wa bingo, ule mchezo wa kamari wa kuita namba.

"Wewe ndiye uliyekuwa unanizidishia siki kwenye chipsi," Wendy alisema mara alipomwona.

"Ulikuwa hulalamiki."

"Ningelalamika vipi na wewe umeshika kijiko cha mafuta ya moto?"

Wakacheka kidogo. Kisha Wendy akasikiliza mpaka mwisho, akasema atauliza swali Bungeni kuhusu misaada ya serikali kwa mabibi na mababu na mashangazi wanaolea watoto wa ndugu zao. "Lakini wenzangu hawatakumbuka kanuni, Gaynor. Watamkumbuka Kerry. Niruhusu nimtaje."

"Mtaje. Sema yaliyompata... sema ame..."

Wendy alingoja. Kisha akaweka mkono mezani, karibu na wa Gaynor. "Neno hilo nitalisema mimi."

Tangu siku hiyo Gaynor aliishikilia ahadi ile. Neno lile litasemwa mara moja, mahali pakubwa kuliko pote, na makarani wataliandika. Likisha kusemwa pale, yeye hatalazimika kulisema tena popote. Ndiyo sababu alipanda treni alfajiri na mtoto na mikate ya mayai. Habari ya posho ilikuwapo, na aliihitaji. Lakini alikuja kusikia.

Maswali yalikuwa yamepangwa kwa bahati nasibu, na la Wendy lilitoka la kumi na saba. Wendy alikuwa amemwonya mapema: saa ikiisha kabla hawajalifikia, litajibiwa kwa maandishi tu.

Kule chini mbunge alisimama, akasema, "Namba moja, Mheshimiwa Spika," akaketi. Waziri akasimama kujibu swali ambalo hakuna aliyelisoma kwa sauti, maana wote walikuwa nalo kwenye karatasi.

"Wanaita namba tu," Edie alisema. "Kama bingo."

Kikongwe mmoja aliyeketi jirani, mwenye skafu ya zambarau, akacheka puani. "Nimekuwa nikija hapa tangu nilipostaafu, mwanangu. Hakuna aliyewahi kushinda."

Namba mbili ikapita. Gaynor aliacha kusikiliza maneno. Kwenye benchi la nyuma kulikuwa na mbunge mwanamke aliyemwonyesha kisogo tu, na kisogo kile, na nywele zile zilizobanwa ovyo kwa kibanio, vilikuwa vya Kerry. Gaynor alikitazama kama mtu anavyotazama moto jikoni. Aliomba asigeuke. Mwanga wa njano ulishuka juu ya viti vya kijani, sauti zikaenda zikirudi, na kwa muda huo wote Kerry alikuwa ameketi pale, mzima, akisubiri naye.

"Bibi, nataka choo."

"Subiri kidogo."

"Nimeshasubiri tangu namba moja."

Walikuwa ndiyo kwanza wameingia namba tatu. Kumi na saba ilikuwa mbali. Gaynor akamshika mkono, wakatoka, wakashuka ngazi, wakapita watu wa mawe waliosimama na panga zao, wakapotea, wakaelekezwa, wakapotea tena. Sakafu ilikuwa na vigae vya maua, na Edie akakanyaga mekundu tu, kwa hiyo walichelewa zaidi. Gaynor hakumharakisha. Ilikuwa kama wanatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine, na mwenye usingizi hakuwa na nia ya kuamka.

Waliporudi, yule mwanamke wa kisogo hakuwapo. Chini walikuwa namba tano.

"Mnangoja ngapi?" kikongwe aliuliza.

"Kumi na saba."

"Kumi na saba?" Akamtazama kwa huruma. "Imekwisha, mama. Waziri kaijibu pamoja na ya nne. Yanafanana, huwa anayafunga pamoja. Huyo wenu kasimama, kauliza, kaketi."

Gaynor aliketi. Aliangalia midomo ya watu nyuma ya kioo mpaka saa ya maswali ikaisha.

Wendy aliwakuta chini, kwenye ukumbi wa mviringo, akihema. "Nilikupigia. Wametuambia asubuhi kwamba wameyaunganisha. Nikakutumia na ujumbe."

Simu ilikuwa ndani ya begi, chini ya mikate. Gaynor alikuwa ameizima sauti tangu kwenye treni.

"Ulilisema?" aliuliza.

Wendy akaikunja karatasi aliyoshika mara mbili, na Gaynor akajua.

"Spika alinikatiza. Aliniambia niache maelezo niulize swali. Nikaruka, Gaynor. Niliuliza kuhusu kanuni. Sehemu ya Kerry niliiruka. Nisamehe."

"Kwa hiyo halikusemwa."

"Halikusemwa. Lakini waziri amekubali kukuona. Sasa hivi, dakika chache tu. Yule anakuja."

Waziri alikuwa mwanamume mrefu mwenye uchovu, na karatasi kwapani. Alimpa Gaynor mkono, akainama akampa Edie mkono pia.

"Pole na safari, mama. Nimesoma habari yako. Ila kuna kitu sijakielewa." Akatazama karatasi. "Inasema ulimchukua mtoto shuleni mwenyewe, siku hiyo hiyo, kabla ofisi haijaja. Mama yake alikuwa wapi?"

Wendy akafungua kinywa. "Mheshimiwa, mama yake..."

Gaynor akamgusa mkono. Alikuwa amechoka kungoja.

"Alikufa," alisema. "Kerry alikufa. Alikuwa anatoka kazini asubuhi, gari likateleza kwenye barafu. Polisi walikuja kwangu. Nikaenda shuleni mbio ili mtoto asije akaambiwa na mtu asiyemjua. Ndiyo maana sikungoja kuombwa."

Watu walipita na makaratasi yao. Waziri akaisoma tena karatasi yake.

"Hilo halimo humu," akasema.

"Halimo. Sikuwaambia. Nilishindwa."

Akatoa kalamu, akaandika mwenyewe, amesimama, karatasi ameiweka ukutani. Hakuahidi posho. Alisema atawauliza watu wake kwa nini kanuni inamwadhibu mtu aliyemkimbilia mtoto, na kwamba Wendy atapata jibu lililoandikwa kwa mkono wake yeye waziri. Kisha akaitwa, akaenda.

Nje kulikuwa na upepo. Gaynor na Edie walivuka daraja kuelekea kituoni, na mto chini yao ulikuwa na rangi ya chai.

"Umesema alikufa," Edie alisema.

"Ndiyo."

"Siku ile uliniambia hatarudi."

"Nilishindwa kusema lile lingine."

Edie alitembea akigusa nguzo za daraja moja moja. "Mimi nilijua. Wenzangu shuleni waliniambia. Sikusema nyumbani kwa sababu wewe ulikuwa husemi." Akafikiri. "Sasa naweza kusema?"

"Sema."

"Mama alikufa," Edie alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anayejaribu kiatu. Kisha akaanza: mama alikuwa anaimba vibaya bafuni, mama alikuwa anaanza kula chipsi zilizoungua, mama alisema mbwa wa jirani ana sura ya askofu. Aliongea mpaka mwisho wa daraja na kuendelea, na Gaynor akatembea kando yake akisikia kila neno.